Mafuta ya Bibi kwenye Manyoya ya Ketan

Kwako Bi Wening wa kipindi cha asubuhi redioni,

Shikamoo. Naomba uniazime akili zako kidogo kwa sababu zangu zimevurugika, na naomba unisamehe kama barua hii ni ndefu, kwani Mwalimu Harsini anayetufundisha sayansi alituambia kwamba mtu asiyejua tatizo lake liko wapi aandike yote aliyoyaona bila kuchagua, na mimi kweli sijui liko wapi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitatu, niko kidato cha pili, na ninaishi na bibi yangu kwenye mteremko wa mlima Sumbing, upande wa mashamba ya tumbaku. Mama anashona nguo kiwandani Semarang na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Babu alishafariki. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani tuko watatu, Bibi, mimi, na paka wetu anayeitwa Ketan, ambaye Bibi alimpa jina hilo kwa sababu ni mweupe na laini kama wali wa kunata, isipokuwa sikio moja jeusi. Alikuja mwenyewe, mdogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, wiki ile tuliyomaliza kisomo cha siku mia cha Babu, akapanda kwenye tumbo la Bibi akalala, na tangu hapo hakuna tumbo jingine analolitambua. Nakueleza hili ili uelewe kwamba ingawa mimi ndiye ninayemlisha na kumsafishia mchanga, Ketan ni wa Bibi.

Sasa unajua hali ya hewa ilivyo mwezi huu, mchana jua linachoma mpaka tumbaku inakauka siku moja, alasiri mvua inashuka na upepo, na alfajiri baridi inapenya kwenye magodoro. Hapa kwetu kila msimu unapogeuka watu huingiwa na upepo mwilini, na kila nyumba inanuka kayu putih, yale mafuta makali ya kujichua, na migongo ya watu wazima ina mistari myekundu ya kukwaruzwa na sarafu ili upepo utoke. Mimi mwenyewe nimekwaruzwa tangu nizaliwe na sijawahi kuona ubaya wake. Bibi ana mkono mzuri, na hata majirani huja kwake.

Jumatano ya tarehe kumi na sita Ketan alinyeshewa na mvua. Kesho yake akaanza kupiga chafya na macho yakatoa machozi. Bibi akamtazama akasema ni upepo tu, akamweka mapajani. Alisema sarafu ni ya watu wazima, itamuumiza, na kwamba Ketan ni mtoto mwenye sharubu, basi atamfanyia kama alivyonifanyia mimi nilipokuwa mchanga, yaani aliponda vitunguu vidogo vyekundu, akavichanganya na kayu putih, akampaka tumboni, mgongoni na kwenye nyayo, taratibu sana, huku akimwimbia. Ketan alitulia. Baadaye alijilamba mwili wote mpaka jioni, na Bibi akafurahi akasema ona, anaipenda dawa yake.

Mwalimu Harsini alitufundisha kuweka daftari la uchunguzi, tuandike siku, saa na tulichokiona, siyo tulichofikiri. Nilikuwa nalo kwa ajili ya maharage yangu ya shule, nikaanza kumwandika na Ketan humo. Kwa hiyo najua kwamba Ijumaa baada ya kupakwa alitokwa na mate mengi mpaka kifua kikalowa. Jumapili alipakwa asubuhi, akatapika mara mbili, hakula mpaka Jumatatu. Jumatatu hakupakwa kwa sababu Bibi alikwenda kwenye mazishi kijiji cha juu, na Jumanne Ketan alikula samaki wake wote na kunifuata mpaka jikoni. Jumanne jioni akapakwa tena. Jumatano alikuwa anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye gari baada ya safari ndefu.

Nilimwonyesha Bibi daftari. Nilimsomea kwa heshima, sikuinua sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema upepo unapotoka ndivyo unavyofanya, mtu huzidiwa kwanza ndipo hupona, na kwamba hata mimi nilipokuwa mchanga nilikuwa hivyo hivyo. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananizunguka kichwani.

"Ulipokuwa na miezi minne ulitapika mpaka macho yakaingia ndani. Ulikuwa msimu huu huu. Nani aliyekaa na wewe, daftari?"

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anacheka na kunibana shavu. Nikacheka na mimi, lakini sikujua tena cha kufikiri, Bi Wening, kwa sababu ni kweli alikaa na mimi na ni kweli nilipona.

Nimeuliza watu. Mama kwenye simu alisema nimsikilize Bibi, paka ni paka tu na yeye ana nguo mia mbili za kumaliza. Jirani yetu Mama Tarmi, anayeuza mboga, alinusa Ketan akaniambia, "Paka wenu siku hizi ananuka kama mtoto aliyetoka kliniki, bado kumvalisha nepi tu." Kisha akasema, akiwa hatanii tena, kwamba huenda kuna mtu amemtegea sumu ya panya, nimnyweshe maji ya dafu la kijani. Msichana ninayekaa naye darasani alisema kwao humnyoa paka msimu ukibadilika. Mwingine alisema nimpe nusu kidonge cha homa. Kila mmoja ana uhakika. Mimi peke yangu ndiye sina.

Alhamisi nilificha chupa ya mafuta ndani ya kiatu changu cha michezo. Najua ni vibaya. Bibi alitafuta nyumba nzima, akaniuliza kama nimeiona, nikasema hapana, na hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliungama. Yeye ana magoti mabaya. Siku ile ile alichukua mwavuli akashuka dukani kwenye mvua, akarudi amelowa mpaka kiunoni, na kwenye mfuko alikuwa na chupa kubwa kuliko ile ya kwanza. Aliniambia alinunua kubwa ili isituishie tena.

Jambo la pili ni baya zaidi. Jana, Jumamosi mchana, vidole vya Bibi vilikuwa vimekaza kwa baridi. Aliniita barazani, akanipa bakuli la vitunguu vilivyopondwa na chupa, akasema leo msugue wewe, mkono wako ni mwepesi. Sikuwahi kuruhusiwa kumpaka mtu yeyote dawa. Nilijua yaliyoandikwa kwenye daftari langu, niliyaandika mimi mwenyewe, na bado nilijisikia nimepewa heshima, nikashindwa kusema hapana, nikampaka Ketan kila mahali, nikamimina zaidi kuliko Bibi anavyomimina kwa sababu nilitaka kuonekana naweza. Ketan alinitazama muda wote. Saa moja haikuisha, akaanguka kutoka kwenye kitanda cha mianzi, yeye anayetembea juu ya ukuta. Miguu ya nyuma inatetemeka mpaka sasa. Leo amekojoa kwenye kitambaa na mkojo ni wa kahawia kama chai, na ufizi wake ambao ulikuwa wa waridi umekuwa mweupe, lakini nadhani hayo ni kwa sababu hajala.

 Bibi amemweka tumboni kama kawaida na anamwambia avumilie. Amesema kesho tutampaka mara mbili.

Swali langu sijui hata kulipanga. Je, mafuta yanamponya na mimi sina subira, au yanamuumiza? Kama yanamuumiza, mbona hayakuniumiza mimi? Na kama Bibi amekosea, nitamwambiaje mtu aliyenilea kwamba mkono wake ndio unaomuua mnyama anayelala juu ya tumbo lake? Nimefikiri kuhusu kuificha chupa hii pia, lakini atakwenda kununua nyingine, na njia inateleza.

Nakuandikia wewe kwa sababu Bibi hukusikiliza kila asubuhi anapokuna nazi, na wewe ndiye mtu pekee ambaye habishani naye. Tafadhali usitaje jina langu. Sijui kama nataka aisikie barua hii au asiisikie. Lakini nina tumaini kwamba Ketan bado anaweza kupona, kwa sababu nikimwita bado anageuza lile sikio jeusi.

Nitaipeleka barua hii sandukuni kwenu kesho kabla ya shule.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Mteremkoni

*

Binti yangu wa Mteremkoni,

Marahaba. Barua hujibiwa Ijumaa. Yako niliifungua jana, Jumatatu, nikiwa nimesimama, na sikukaa mpaka nilipompata kwenye simu Daktari Prasojo, yule wa mifugo anayewatibu ng'ombe na mbuzi wa wilaya yetu. Leo ni Jumanne na wale wanaosubiri habari za waume zao watasubiri kidogo, waume hawaendi popote.

Jibu la swali lako la kwanza ni fupi. Yanamuumiza. Acheni leo, wala msimpake hata tone.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu umeniuliza kuhusu mafuta tu na kuna kitu umekiruka mara mbili kana kwamba hakipo. Vitunguu, mwanangu. Kwa paka, kitunguu ni sumu, kiwe kibichi, kimepikwa au kimepondwa, na hakihitaji kuwekwa kwenye sahani yake. Mkimpaka, atakilamba. Kinaharibu damu taratibu, siku baada ya siku, ndiyo maana ufizi umekuwa mweupe na mkojo umekuwa chai. Wewe umeandika dalili hizo mbili vizuri kabisa, kisha ukajifariji kwamba ni njaa. Mwalimu wako alikwambia uandike ulichokiona, siyo ulichofikiri, na mstari huo mmoja ndio ulioharibu kazi nzuri ya kurasa zote.

Umeniuliza mbona hayakukuumiza wewe. Kwa sababu wewe si paka. Ini la mtu hupambana na vitu vikali kama hayo mafuta, ini la paka haliwezi, yanabaki mwilini yakimzunguka. Tena mtoto mchanga hajilambi mgongo. Bibi yako hakukukosea wewe hata siku moja, na usije ukaichafua kumbukumbu ile kwa sababu ya hili. Kosa lenu ni moja tu, mmempenda mnyama mpaka mkasahau kwamba ni mnyama.

Nitakugombeza kidogo, kisha yaishe. Uliificha chupa na ukamwacha mwanamke mwenye magoti mabaya ashuke kwenye matope. Ukampaka mgonjwa dawa usiyoiamini ili usifiwe mkono wako. Na mwishoni ukanituma mimi, kwa redio, nikaseme jambo ambalo wewe ulikuwa nalo mdomoni siku kumi. Ungeweza kusema, "Bibi, naogopa, tumpeleke kwa daktari kwanza, tukirudi tutafanya utakavyo." Hayo si maneno ya utovu wa adabu. Mtoto mwenye adabu anaruhusiwa kuogopa kwa sauti.

Umesema hujui kama unataka Bibi asikie. Mimi najua. Usingeleta barua hapa kama hukutaka. Kwa hiyo sitataja jina lako, lakini sitajifanya sijui nani anakuna nazi saa hizi.

Bibi, shikamoo. Weka chini kibao cha mbuzi kwa dakika mbili. Mimi pia nimelelewa kwa kayu putih, mgongo wangu una mistari tangu Jumapili, na sijaja kukufundisha kazi ya mikono yako. Kwa watu endelea. Lakini upepo wa paka si upepo wetu. Chafya zile na yale machozi, daktari anasema ni mafua ya paka, yanakuja kila msimu unapogeuka, na yana chanjo. Ulichokifanya ungemfanyia mjukuu, na aliyekuzuia alikuzuia kwa daftari kwa sababu alishindwa kukuzuia kwa mdomo. Usimwulize leo kwa nini aliificha chupa. Muulize wiki ijayo.

Sasa kazi, na muifanye wote wawili kabla hamjatoka. Kama anatetemeka kidogo tu, muogesheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, matone machache, mara mbili, mmsuuze mpaka harufu iondoke, macho na mdomo msiviguse kwa sabuni. Mkausheni kwa taulo palepale ndani, siyo barazani penye upepo. Kama anatetemeka mwili mzima au analegea, acheni kumwogesha, mfungeni kwenye taulo muende hivyo hivyo. Msimtapishe. Dafu la Mama Tarmi anywe Mama Tarmi mwenyewe. Kidonge cha homa cha binadamu kinaua paka, huyo aliyekushauri mwambie nimesema. Na hakuna atakayemnyoa mnyama mwenye baridi.

Bibi, mikono yako itakuwa na kazi, usidhani nimeifukuza. Chukua chupa ya plastiki, tia maji ya moto kiasi cha kuweza kuishika, ifunge kwa kitambaa, mlaze nayo njiani. Joto ndilo analolihitaji, na joto la tumbo lako halina sumu.

Mkirudi, msimu huu wote atalala juu ya kitu, siyo kwenye sakafu ya saruji, inavuta baridi alfajiri. Mvua ikimkuta, mkaushe saa ileile, usisubiri ajikaushe mwenyewe. Maji yake ya kunywa yabadilishwe kila siku, wakati wa mvua mnasahau kwa sababu mnaona maji kila mahali. Wadudu wa manyoya huzidi mwezi huu, mkiona anajikuna msimpake kitu chochote kutoka kwenye kabati la Bibi, mpelekeni kwa daktari. Akipona, achanjwe kabla ya msimu kugeuka tena, Aprili. Harufu ya kayu putih ikiwa mikononi mwenu, naweni kwanza ndipo mmshike. Na wewe Bibi, ukishajipaka mwenyewe, vaa blauzi nzito kabla hajapanda tumboni.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Nilimwuliza daktari mara mbili na mara zote mbili alisema inategemea damu imebaki kiasi gani. Lakini alisema pia kwamba paka anayegeuza sikio akiitwa bado ana kitu cha kupigania, na yeye si mtu wa kubembeleza watu, mnamjua nyinyi wenye ng'ombe. Leo yupo kwenye kituo cha mifugo nyuma ya mnada kuanzia saa mbili na amesema hatamwona mbuzi yeyote kabla yenu. Bebeni chupa ya mafuta aisome. Shuleni nitapiga simu mwenyewe nimwambie Mwalimu Harsini kwamba mwanafunzi wake mmoja, asiulize yupi, yuko kwenye somo la vitendo.

Mkifika, daktari atauliza nani alimpaka. Bibi atafungua mdomo kusema ni yeye, ninamjua bila kumwona. Usimwache aseme peke yake, binti yangu, na usijitwike wewe peke yako pia. Mshike mkono useme, "Tulimpaka." Kisha mwacheni daktari afanye kazi.

Bi Wening